Hina Kwenye Viganja vya Luhaga

Wapo wanaosema dawa ya majani haina madhara, kwa kuwa jani ni jani tu, halina sumu za dukani. Hao ingewafaa wakae nusu saa na Milembe wa Somanda. Angewakaribisha vizuri, angewapa na kigoda, kisha angewaambia, kwa sauti ileile anayoulizia bei ya dagaa, kwamba jani limewaponya miguu watu wengi wa Bariadi, na jani hilohilo lilimzika mwanawe wa kwanza. Na kwa kifo hicho alifukuzwa mtu ambaye hakuwa na kosa.

Mtu huyo ni Domitila, wifi yake, dada wa mumewe Bujiku. Kwa miaka kumi na tisa Domitila aliishi Ngulyati, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, akiitwa mchawi. Wakikutana mnadani, Milembe aligeukia upande wa mbuzi hata kama alikuwa amekuja kununua chumvi.

Milembe hakuzaliwa kwenye mambo ya hina. Kwao walijipaka samli na kuvaa shanga, basi. Hina aliijulia mjini alipokuwa msichana wa kazi kwenye nyumba ya mwenye duka mmoja, watu wa Tabora. Mama mwenye nyumba alimfundisha: majani yaanikwe kivulini maana jua hula rangi, yatwangwe, yachekechwe kwa kipande cha kanga kuukuu, kisha unga ukandwe kwa maji ya ndimu na kuachwa mpaka uso wa uji ugeuke kahawia. Alipoolewa na Bujiku, mtoto wa Wakatoliki wakulima wa pamba, aliondoka na nguo zake na vijiti vitano vya mhina alivyovifunga kwenye gunia lililoloweshwa. Vitatu vilishika, vikawa ua nyuma ya nyumba.

Mwaka 1976 akajifungua mtoto wa kiume, Luhaga. Nyumbani hapo alikuwepo pia Domitila, aliyerudishwa na mumewe kwa sababu hakuzaa. Watu hudhani mwanamke wa namna hiyo lazima awe na wivu. Domitila hakuwa na nafasi ya wivu; alikuwa na mtoto mgongoni. Milembe alinyonyesha, Domitila akafanya yaliyobaki: kuogesha, kufua, kubembeleza kwa nyimbo za kupalilia ambazo hazina uhusiano wowote na usingizi.

Mtoto alipotimiza wiki tatu, Milembe akampaka hina viganjani na nyayoni, kama alivyoona watoto wa mwenye duka wakipakwa. Alitaka apendeze siku ya ubatizo. Siku ya tatu macho yakawa njano. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyolala kwenye birika. Siku ya tano alizikwa viganja vikiwa bado vyekundu, na kila aliyekuja msibani alisema mtoto alikuwa mzuri.

Hakuna aliyeuliza habari ya hina. Ilikuwa pambo, na nani anaulizia pambo msibani? Familia ilikuwa ya kanisani, lakini kifo cha ghafla kina njia zake, na kabla ya arobaini wazee walikuwa wameshakwenda kwa mganga wa kusoma kuku. Kuku akapasuliwa, mganga akatazama matumbo yake, akasema muuaji yumo ndani ya nyumba, na mikono yake ndiyo iliyomshika mtoto kuliko mikono yote. Mkutano ukaitishwa kwenye uwanja wa ghala la pamba. Milembe akaulizwa mbele ya watu: nani alimshika mtoto sana? Akajibu, "Wifi." Ulikuwa ukweli mtupu. Kisha akaulizwa kama anayakubali maneno ya kuku, akainamisha kichwa. Bujiku mwenyewe ndiye aliyelitoa nje sanduku la dada yake.

Baada ya hapo Milembe alizaa wasichana watatu, wote wakakua. Hakumpaka hina hata mmoja. Si kwamba aliiogopa. Mikono tu ilikuwa mizito. Kazi yake ya hina aliipeleka kwa watu wazima, na huko ikastawi kuliko alivyotegemea.

Atakaye kujua mpunga unavyomla mtu asitazame sahani, atazame vidole vya miguu vya mkulima. Mtu anasimama jarubani wiki kwa wiki, ngozi kati ya vidole inakuwa nyeupe, inachanika, inanuka, inawasha mpaka mwenyewe anatamani kuikwangua kwa kisu. Milembe alimpaka uji mzito wa hina katikati ya vidole, akamfunga matambara, akamwambia arudi kesho. Kwa wengi, baada ya siku nne au tano mwasho ulikuwa umetulia na ngozi imekauka. Aliwapaka pia waliochanika visigino kwa kufuata ng'ombe, na wanawake wenye mba. Waliokuja na maumivu ya tumbo aliwarudisha. "Mimi ni wa ngozi," alikuwa akisema. "Tumbo lina wenyewe."

Kisha zikaja zama za ruksa. Maduka ya Bariadi, ambayo sabuni yake ilikuwa ya kupangiwa foleni, yakajaa sabuni za kila rangi na kila harufu. Pamba ikaanza kununuliwa na watu binafsi, na ghala la chama cha ushirika likakodishwa. Maduka ya dawa yakachipuka mitaani, na hospitalini wagonjwa wakaambiwa wachangie. Mwenye fangasi za miguu akipima kati ya dirisha la malipo na ua wa Milembe, alichagua ua. Wengine walitoka mpaka Kiloleli.

Mwaka 1995 akatokea mfanyabiashara wa Mwanza na pakiti ya mfano aliyokwisha kuichapisha. Ilikuwa na picha ya jani na maneno haya: "Hina ya Milembe, dawa asilia ya ngozi, salama kwa wote, hata watoto wachanga." Milembe aliishika kwa ncha za vidole. Hakuwahi kuliona jina lake limechapwa mahali. Aliipenda pakiti ile, na hakuna haja ya kumfichia. Alimwambia yule bwana arudi baada ya wiki mbili akute magunia yako tayari.

Siku hizo binti yake mkubwa, Scola, alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama yake. Alikuwa amepata mtoto wa kiume, Novatus, mwenye wiki tatu na ukurutu mwekundu uliomtambaa mapajani. Mtoto alilia kila alipobadilishwa nepi.

"Mama, watu wanatoka Kiloleli kukufuata wewe," Scola alisema. "Mjukuu wako anawashwa humu humu ndani na unamtazama tu."

"Mtoto mchanga mimi simpaki."

"Kwa nini?"

Milembe akatafuta sababu, akakuta hana hata moja inayotamkika. Uchungu wa zamani si sababu ya kumnyima mtoto dawa. Na pakiti ilikuwa pale juu ya kabati, imeandikwa kwa herufi nyekundu kwamba hata watoto wachanga. Basi akakoroga hina kidogo, akampaka mapajani na kwenye makalio, na iliyobaki akaimalizia viganjani, kwa furaha tu ya kuwa bibi.

Keshokutwa yake, asubuhi, alikuwa anafua nepi. Kwenye moja akakuta doa la mkojo lenye rangi ya chai. Akalisugua, maji ya beseni yakageuka. Doa kama hilo alikuwa ameliona mara moja katika maisha yake, mikononi mwa Domitila, aliyekuja nalo mpaka kitandani akasema, "Wifi, hebu tazama mkojo wa mtoto." Milembe akaliacha beseni, akaingia ndani, akamfunua Novatus jicho. Lilikuwa njano. Alimbeba mtoto akatoka, Scola akimkimbilia nyuma bila viatu, na ni neema ya Mungu kwamba hospitali haikuwa mbali.

Daktari aliyewapokea aliitwa Constantine, mtu aliyewahi kufanya kazi Tanga kabla ya kuletwa Usukumani. Alitazama macho ya mtoto, midomo iliyopauka, nepi. Kisha akaufungua mkono wa mtoto uliokunjwa ngumi, akakiona kiganja chekundu.

"Nani amempaka huyu?"

"Ni mimi," Milembe akasema.

"Lini?"

"Juzi."

Mchana uleule mtoto aliongezwa damu. Ilitoka kwa Bujiku, babu yake, ambaye damu yake ilipimwa ikapatana. Siku mbili Milembe hakula kitu zaidi ya uji, na wala huo hakuumaliza. Siku ya tatu mkojo ukaanza kusafika, ya nne Novatus akanyonya kwa nguvu mpaka Scola akalia. Ndipo daktari alipomwita Milembe wakakaa kwenye benchi la nje. Hakumgombeza. Hilo Milembe hulisimulia kila mara, kwamba hakumgombeza.

"Mama, hina yako ni dawa, sikatai," alisema. "Ndani ya jani mna kitu kinachotoa ile rangi, wasomi wanakiita lawsoni. Kinang'ang'ania ngozi, na kinawazuia fangasi wasisitawi. Ndiyo maana miguu ya watu inapona. Maabara wanaendelea kulipima jani hilo kwa vidonda, kwa uvimbe, kwa vijidudu vingine. Mengi bado hayajathibitishwa. Lakini kitu chenye nguvu ya kumzuia fangasi si maji ya kunywa. Kwa mtu mzima, ngozi nzima, kikubwa kinaishia hapo juu. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyepesi, na ikiwa na ukurutu ni mlango uliofunguliwa. Kinapita mpaka kwenye damu."

"Mbona watoto wa mwenye duka walipakwa hawakuugua?"

"Wengi hawaugui. Ila wapo wanaozaliwa na upungufu, chembe za damu yao hazina kinga ya kutosha. Wakikutana na kitu cha namna hiyo, au baadhi ya dawa za malaria, chembe zinapasuka. Ule mkojo ndio damu iliyopasuka. Mama anaweza kuubeba upungufu huo asiugue, akamrithisha mwanawe wa kiume. Kipimo chake hapa hatuna, lakini Tanga niliwaona. Upande wenu, upande wa mama yake Novatus, mliwahi kumpoteza mtoto wa kiume namna hii?"

Milembe aliitazama mikono yake, ambayo kwa miaka yote hiyo ilikuwa na rangi isiyotoka.

"Mmoja," alisema. "Nilimpaka mimi."

Daktari alishusha pumzi. "Siwezi kuapa juu ya mtoto ambaye sikumwona. Lakini kwa jinsi unavyoeleza, inafanana sana."

Hapo palikuwa na mwanya wa kutokea, na Milembe aliuona. Daktari hakuapa. Kipimo hakipo. Luhaga yuko kaburini tangu enzi za watu kuhamishiwa vijijini. Mtu anaweza kuishika ile "siwezi kuapa" akaishi nayo vizuri mpaka kufa kwake. Shida ilikuwa Domitila. Ngulyati ilikuwa mwendo wa asubuhi moja, na Milembe sasa alijua kitu ambacho hakuwa anakijua.

Alimweleza Bujiku siku waliporudi nyumbani. Bujiku alikuwa anatengeneza mpini wa jembe, akaendelea kuuchonga mpaka ukawa mwembamba kupita kiasi.

"Yaliyopita si ndwele," alisema mwishoni. "Ukiyafukua, mimi nitaonekana mtu gani? Sanduku nililitoa mimi."

"Utaonekana mtu aliyemfukuza dada yake bure. Ndivyo ulivyo, baba Scola. Na mimi ndivyo nilivyo."

Bujiku akautupa mpini. Hakumruhusu, hakumkataza.

Mfanyabiashara wa Mwanza alirudi kama alivyoahidi. Milembe alimwomba ayaondoe maneno ya watoto wachanga, na badala yake yaandikwe kwamba mtoto asipakwe kabisa. Yule bwana akacheka, akidhani ni mzaha wa kuongeza bei. Alipoona si mzaha, alieleza kwa upole kwamba onyo kwenye pakiti ni kama kumwambia mteja apite aende, na kwamba mtu anayelisema jani lake vibaya anajimwagia mchanga kwenye uji. Akaondoka na hakurudi tena. Milembe aliumia. Alikuwa ameshawaambia watu wa kanisani kuhusu lile jina lililochapwa.

Siku iliyofuata akaenda Ngulyati.

Alimkuta Domitila nje ya nyumba yake ya peke yake, anachambua pamba. Alikuwa amezeeka kwa namna ya watu wanaokula peke yao.

"Mwangaluka, mayu," Milembe akamwamkia, akimwita mama, kwa heshima ambayo hakuwa amempa hata zamani.

"Mwangaluka." Domitila hakuinua macho. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi umefuata nini?"

Milembe akamwambia. Alianza na Novatus, akaja kwa daktari, akamalizia kwa Luhaga, na hakujipunguzia mahali popote. Domitila aliendelea kutoa takataka kwenye pamba, polepole, kisha vidole vikasimama.

"Nilijua sikumloga," alisema. "Hilo nililijua. Lakini kuku alitaja mikono. Sijamshika mtoto wa mtu tangu siku ile, unajua? Watoto wa hapa wakinikimbilia nashika jembe kwa mikono yote miwili. Nikawa najiuliza, je, mtu anaweza kuua na asijue?"

"Anaweza," Milembe akasema. "Ila si wewe."

Yeyote anayetaka kusikia kwamba wale wawili walikumbatiana, atafute simulizi nyingine. Domitila alisimama, akakung'uta kanga yake.

"Ulilisema kwenye uwanja wa ghala, watu wote wakisikia. Leo unakuja kulifuta huku nyuma ya nyumba yangu, asikie nani? Kaliseme lilikosemwa. Nitakuja kusikiliza."

Mkutano wa mtaa ulikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, uwanja uleule. Ghala lilikuwa limepakwa rangi mpya na kampuni iliyolikodi, lakini watu walikaa walikokaa siku zote, wanaume upande wa ukuta, wanawake upande wa jua. Mwenyekiti alikuwa Shigela, ambaye mwaka 1976 alikuwa kijana na alipiga kelele kuliko wote. Bujiku alisimama nyuma kabisa, ameshika baiskeli kama mtu anayepita tu. Domitila alifika peke yake, akakaa pembeni, na waliokuwa karibu naye wakajisogeza.

Agenda ya barabara ilipoisha, Milembe akaomba nafasi. Alisema yote. Alitaja hina, viganja, mkojo, siku ya tatu, siku ya tano. Alieleza habari ya damu kama daktari alivyomweleza. Alisema kwamba miguu ya watu wazima ataendelea kuipaka, kwa kuwa inapona, lakini atakayemletea mtoto mchanga atamrudisha mlangoni. Mwisho akasema, "Domitila hakumuua Luhaga. Nilimpaka mimi, na sikujua. Aliyefukuzwa alifukuzwa bure."

Akabaki amesimama.

Shigela alikuna kidevu. "Kwa hiyo," alisema taratibu, kama mtu anayemalizia hesabu, "kuku hakusema uongo. Alisema muuaji yumo ndani ya nyumba, na ni mikono. Tulichokosea sisi ni mtu."

Minong'ono ikapita upande wa wanaume. Kuna aliyesema ndiyo. Mzee mmoja akasema kumbe hata huyo wa pili karibu afe mikononi mwake. Mwanamke aliyekuwa amekaa karibu na Milembe, ambaye wiki tatu nyuma alipakwa visigino na akashukuru, alivuta kigoda chake, kidogo tu, mbali naye. Mambo hayo huenda haraka. Scola akamkumbatia mtoto akaanza kulia, na Bujiku, kule nyuma, akaiachia baiskeli ikaanguka.

Domitila akasimama.

"Kaa chini, Shigela," alisema.

Shigela alikuwa mwenyekiti, na alikaa.

"Mnataka kumpeleka wapi huyu? Kule mlikonipeleka mimi? Nimekaa huko miaka kumi na tisa, nimepachunguza vizuri. Hakuna mchawi kule. Nilikuwa mimi tu." Hakupaza sauti, watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie. "Mtoto ameuawa na jani, na aliyempaka alikuwa anampenda. Mimi nilifukuzwa na ninyi. Ninyi mlipakwa nini?"

Bujiku alikuja mbele kati ya watu, akafika mpaka kwa dada yake, akasimama mbele yake. Domitila alimtazama, akampita, akaenda moja kwa moja alikosimama Milembe.

"La hina nimekusamehe," alimwambia. "Hukujua. Lakini walipokuuliza kama unayakubali maneno ya kuku, ukainamisha kichwa, ulikuwa umeniona wiki zote zile ninavyomlea mtoto wako. Hilo ulijua."

"Nilijua," Milembe akasema, na akalisema kwa sauti ya kuwafikia hata waliokaa ukutani.